Jirani Aliyekuleta Hospitali

Itetemia, Tabora
Jioni, kesho ukisafiri

Mwanangu mpendwa Nyamizi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo utakaposomea barua hii utaitikia kimoyomoyo, maana hivyo nilikulea. Baada ya salamu nauliza hali yako. Ulifika Gongoni salama? Mguu haukukuuma njiani? Umekula? Hilo la mwisho nauliza kwa mazoea tu. Umekula, na nakijua ulichokula: wali wa Mama Zuhura, na yale maandazi yake ya iliki ambayo ukirudi nayo hapa nyumba inanukia mpaka kesho yake. Sisi huku hatujambo. Baba yako mzima, yuko uani anakaza mnyororo wa baiskeli ili kesho abebe sanduku lako mpaka stesheni. Kuku wamebaki wawili. Wa tatu yumo chunguni kwa ajili yako.

Baba yako amechungulia sasa hivi akanikuta na kalamu.

"Mama Nyamizi, unamwandikia nani?"

"Mwanangu."

"Huyu aliyeko Gongoni? Si ungekwenda tu, jua bado lipo."

Nikamwambia nikienda nitapewa chai, nitakaa mkekani, nitazungumza habari za mvua, halafu nitarudi nayo yote niliyokwenda nayo. Akacheka. "Wivu huo," akasema, akarudi kwenye mnyororo wake.

Ni kweli, mwanangu, ni wivu. Juzi uliponijia ukasema, "Mama, treni inaondoka alfajiri na Gongoni ni karibu na stesheni, nilale kwa Mama Zuhura?" nilikujibu lala mwanangu, ni vizuri, utapumzika. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikapepeta mchele ambao nilikwisha kuupepeta asubuhi. Usiku wako wa mwisho Tabora, na kitanda chako hapa kiko kitupu. Nimekitandika hivyo hivyo.

Sitakuandikia habari za kusali, wala kufua, wala kujihadhari na vijana wa Mwanza. Hayo unayajua, na mengine ulifundishwa na huyo huyo ninayemwonea wivu. Nataka nikuandikie habari moja tu. Mwenyewe unaijua, tumeisimulia hapa nyumbani mara nyingi na baba yako huicheka mpaka akakohoa. Lakini siku zote nimekusimulia nusu ya kuchekesha. Hiyo nusu nyingine sijampa mtu.

Ulikuwa hujaanza hata kung'oka meno. Tulikuwa bado kijijini upande wa Igunga, na baba yako alikuwa amekwenda kukata mkonge huko pwani, habari zake hatuna. Kidonda cha mguu kilianza kama mkwaruzo wa mwiba. Nikakiosha kwa chumvi, nikaweka majani, nikaita mganga, nikaita mwingine. Ng'ombe tuliokuwa nao wakaondoka mmoja mmoja kwa ajili ya mguu huo, na mguu ukazidi kuoza. Nilichelewa. Naandika neno hilo hapa kwa sababu unakwenda kuwa muuguzi, na utawaona akina mama waliochelewa kama mimi wakiingia mlangoni na watoto wanaonuka. Usiwaulize walikuwa wapi siku zote. Walikuwa wanauza ng'ombe.

Mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, ndiye aliyesema nikupeleke hospitali ya serikali. Alinipa cheti cha kuonyesha kwamba sisi ni maskini kweli na tutibiwe bila malipo. Lori la pamba lilituchukua mpaka Nzega. Kutoka hapo mpaka Tabora nilikubeba mgongoni, napumzika, nabeba tena, katika njia ile ile ambayo babu yako mzaa baba aliipita zamani na pembe za ndovu za watu mabegani. Nilikuwa nakuambia, babu alibeba mali ya Waarabu, mimi nabeba mali yangu. Ulikuwa unanijibu mwanzoni. Baadaye ukaacha kujibu.

Hospitalini Bwana Daktari aliutazama mguu, akasema Kizungu, na dresa, mfunga vidonda wake, akanitafsiria. Mguu unaweza kupona bila kukatwa, lakini mtoto alale kitandani muda mrefu, apate dawa, na ale, hasa maziwa. Asipokula nyama haitaota, na wataukata. Nikasema sawa. Nikapelekwa barazani kwa karani.

"Una ndugu hapa mjini?"

"Sina."

"Nani atampikia mtoto?"

"Mimi, mama yake."

"Una unga?"

"Sina."

"Maziwa?"

Nikakaza mbeleko. Karani alikuwa mtu mpole tu, alichomeka kalamu sikioni akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Dawa ni bure, kitanda ni bure, cheti chako nimekiona. Lakini posho ya serikali, uji na maziwa, ni ya mgonjwa asiye na mtu. Mwenye mtu anapikiwa na mtu wake. Sikuitunga mimi amri hiyo."

Nikatoka na wewe mgongoni, nikakaa chini kwenye foleni ya wagonjwa wa nje. Mbele yangu alikaa bwana mmoja wa Nzega aliyefungwa bandeji jicho moja. Alikuwa amesikia yote kwa masikio yake mazima.

"Dada," akasema, "ngoja mchana. Huyu anakwenda kula, anakaa mwingine. Rudi umwambie mtoto ni wa jirani, wewe umemleta tu."

"Nimkane mwanangu?"

"Mkane apone. Akipona unamdai. Nani atakunyang'anya?"

Neno hilo nalikumbuka mpaka leo. Nani atakunyang'anya.

Nilikuosha uso pale bombani, nikakufundisha. Ukiulizwa mimi ni nani, sema jirani. Ukaniuliza, "Kwani tunacheza?" Nikasema ndiyo, tunacheza. "Mpaka lini?" Mpaka mguu upone. Ukatikisa kichwa kama mtu mzima anayekubali bei. Na karani wa mchana aliponiuliza, nikasema, "Mimi jirani tu, bwana. Mama yake hayupo." Akauliza, "Amekufa?" Nikasema, "Hayupo." Akaandika. Hivyo ndivyo ulivyopata posho ya serikali, na mimi nikapata saa moja kwa siku ya kukuona, saa ya wageni.

Bibi yako alipokuja kusikia habari hizo, alikasirika kuliko nilivyopata kumwona. Wewe wa leo huwezi kuelewa. Kwa wazee wetu, mtu asiye na mtu ni yule aliyeugua njiani, msafara ukamwacha na mkebe wa maji, akaokotwa na wageni, na watoto wake mpaka leo hawasemi kwao ni wapi. Mji huu ulijaa watu wa namna hiyo. Bibi alisema, "Mume wangu alibeba mizigo miaka yote asiachwe njiani, leo umemfanya mjukuu wake mtu wa kuachwa." Na alisema kweli. Nilikuacha, nikasimama pembeni kutazama nani atakuokota.

Aliyekuokota ni Mama Zuhura.

Alikuwa mhudumu wa wodi ya watoto. Wakati huo alikuwa mnene kuliko sasa, mikono yake myekundu kwa maji ya moto, na sauti ya kutania kila mtu, hata Bwana Daktari. Zuhura wake alikufa kabla hajasimama dede, jina limebaki kwa mama tu. Watoto wa posho, wale wasio na mtu, yeye ndiye aliyewalisha. Wenye mama zao walilishwa na mama zao. Basi wewe ukawa wake.

Mimi nilikuwa jikoni nyuma. Unalikumbuka lile banda, mafiga yamepangwa mstari mrefu na moshi hauna pa kutokea? Ndugu za wagonjwa walipikia pale. Mimi sikuwa na mgonjwa, niliwachotea maji, nikawasongea ugali, wakanipa ukoko. Wakinipenda wakaongeza mchuzi. Na walizungumza juu yako mbele yangu.

"Yule mtoto wa mguu hana mtu, maskini."

"Ana bahati lakini. Maziwa kila siku! Mimi wangu ana mama na hapati."

"Mama gani huyo alimtupa?"

Nami nasonga. Kila Ijumaa Kuu, padre anapofika pale kwa Petro anayeota moto uani, na wanawake wanamwuliza wewe si mwenzake, mimi huinama nikajifanya nafunga upya kanga. Umewahi kuniuliza naumwa nini. Siumwi. Nausikia ule moshi.

Dirisha la wodi lilitazama jikoni. Uji ulipoletwa nilikuwa najua, niliacha mwiko nikaenda nikasimama pale. Nilikuona ukikalishwa mapajani pake. Nilikuona ukipuliziwa uji. Alikuwa anakuimbia wimbo wa mjini ambao sikuujua, na baada ya muda mfupi ukawa unauimba naye. Mwanangu, mimi nilikionea wivu kijiko. Mashavu yako yalianza kujaa, na badala ya kushukuru Mungu jinsi inavyopasa nilikuwa nahesabu kwamba shavu hili si langu, nyama hii haikutoka kwangu. Kuna siku uliukataa uji wake, ukalia, ukausukuma kwa mkono ukamwagika. Na mimi dirishani nikafurahi. Mtoto mwenye mguu wa kukatwa amekataa kula, na mama yake anafurahi. Hilo ndilo sijampa mtu. Padre nilimwambia, lakini padre si mtu wa kumhesabu.

Ndipo nikafanya upumbavu wa karanga. Mama mmoja wa jikoni alinipa gao la karanga za kukaanga, bado na maganda yake. Ningekula mwenyewe, nilikuwa na njaa. Lakini nilitaka kitu kimoja tumboni mwako kiwe kimetoka mkononi mwangu. Saa ya wageni nikakuwekea chini ya mto, nikakunong'oneza ule polepole. Wewe na ujinga wako mzuri ukala zote usiku ule, na maganda ukayarudisha chini ya mto, safi kabisa, kama mtu anayetunza.

Asubuhi dresa mkuu akayakuta. Nilisikia sauti yake mpaka jikoni. "Kumbe huyu ana mtu! Ana mtu anayemletea chakula, na anakula posho ya serikali!" Karani akaitwa, yule wa mchana aliyeniandika jirani. Mimi nikaitwa pia, yule jirani, ingia. Nikaingia na mikono yangu ya unga. Mama Zuhura alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda chako na beseni.

"Wewe mama," dresa akasema, "mtoto huyu ni nani wako?"

"Jirani, bwana."

"Kweli?"

"Jirani tu."

Basi akainama kwako, akalainisha sauti. "Eti binti, hebu niambie. Mama yako ni nani?"

Ukanitazama mimi kwanza. Ulinitazama kwa muda, nakwambia, na nilijua ukisema kweli maziwa yamekwisha na mguu umekwenda, na hata hivyo, Mungu ananiona, nilitamani useme. Halafu ukainua mkono wako mdogo ukamwonyesha Mama Zuhura.

Wodi nzima ikaangua kicheko. Dresa akacheka. Karani akacheka, akafunga daftari lake. Na Mama Zuhura akaweka beseni chini, akashika kiuno. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Karanga ni zangu. Nimempa mwanangu karanga, mnasemaje?" Walimkaripia. Walimpa adhabu ya kufua mashuka yenye damu kwa muda mrefu, na mama yule hakulalamika hata siku moja. Posho yako haikukatwa. Mguu wako haukukatwa.

Hapo ndipo baba yako hucheka. "Mtoto ana akili!" husema. "Aliwachezesha wote!" Na mimi hucheka naye. Lakini kila tukicheka najiuliza jambo. Nilikufundisha kusema mimi ni jirani. Sikukufundisha kumwonyesha mtu mwingine. Hilo ulilitoa wapi? Ulikuwa unacheza bado mchezo wetu wa bombani, au ulimjibu dresa kweli tupu kama ulivyoiona moyoni? Nimekaa na swali hilo miaka yote hii. Nimekutazama ukila, ukilala, ukivaa sare ya shule ya masista, ukipokea Kipaimara, nami nikilitafuta jibu usoni mwako. Mara nyingine nimeliona huku, mara nyingine kule.

Ulipopona, Mama Zuhura alikusindikiza mpaka langoni ukitembea mwenyewe. Mimi nilikuwa nakungoja pale kama jirani mwema. Akaushika mkono wako akauweka ndani ya wangu, akasema, "Haya, mchukue mwanao."

Nilishtuka. "Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nani alikwambia?"

"Wewe mwenyewe. Nikimlisha nikiinua macho dirishani, nakuona umefungua mdomo pamoja naye. Yeye anafungua, na wewe unafungua. Jirani gani anafungua mdomo?" Akacheka kile kicheko chake mpaka askari wa lango akageuka.

Ungedhani ningeanguka miguuni pake. Nilisema ahsante. Lakini njia nzima nilikuwa na hasira, kwa sababu alijua, alinyamaza, akanifichia, akafua mashuka kwa ajili ya karanga zangu, na sasa sina hata mahali pa kumchukia. Angekuwa mkorofi ningempenda zaidi. Kama angekupiga hata kofi moja! Mtu anayekutendea wema mahali ambapo wewe umeshindwa, huyo ni mgumu sana kumsamehe. Nimejaribu kwa rozari, nimejaribu kwa kufunga, na bado wali wake ukinukia hapa kwangu natoka kwenda kusimama uani.

Yaliyofuata uliyaona. Mguu ulitaka kusafishwa kila wiki, kwa hiyo hatukurudi Igunga. Baba yako akarudi kutoka mkonge akatukuta Itetemia tunalima shamba la watu, na baadaye letu. Na kila ukienda kusafishwa kidonda ulipitia Gongoni. Kidonda kikafunga, ukaendelea kupitia. Ulirudi umesukwa nywele kwa mtindo wa mjini, ulirudi unanukia udi, ulirudi unasema "hebu" na "ati" kama yeye. Ile kanga aliyokununulia, nyekundu, ulidhani iliibiwa kwenye kamba. Haikuibiwa. Niliipasua nikafanya vitambaa vya kushikia sufuria.

Na kuna ule mwaka niliokukataza kwenda. Nilisema una kazi nyingi, nilisema wao ni Waislamu na sisi ni Wakristo, nilisema watu watasema. Ulitii. Hicho ndicho kilichoniumiza, kwamba ulitii bila neno. Ukawa unaitikia "ndiyo mama" kama mtumishi wa nyumba ya Mzungu, unatwanga, unachota, unalala. Nilidhani nikimfungia mlango kile ulichokuwa unampa yeye kitanirudia mimi. Hakikunirudia. Kilipotea tu, tukakikosa sote watatu.

Halafu akaja mwenyewe kwa miguu, jua kali, na kopo la samli kichwani. Alisimama uani. Mimi nilikuwa nachambua mboga na sikuinuka. Sikumwambia karibu kiti. Mgeni amefika nyumbani kwa Mnyamwezi akaachwa amesimama! Alitazama kulia na kushoto akaona hupo, ulikuwa mtoni. Akaweka samli kizingitini. "Mama Nyamizi, mimi nimepita tu," akasema, akageuka. Baba yako alikuwa ndani amesikia kila kitu. Alitoka na kigoda mkononi akamkimbilia barabarani, mzee mzima anakimbia na kigoda, anaita, "Dada! Dada! Kaa kwanza!" Na yule mama akakaa. Katikati ya barabara, juu ya kigoda chetu, akakaa, akapumua, akasema, "Ahsante, shemeji, sasa nimekaribishwa," akaenda zake. Jioni ile nilikwambia kesho nenda Gongoni, mpelekee mahindi mabichi. Ulikimbia, na mguu ule.

Basi unakwenda kuwa muuguzi. Majirani wakiniuliza nasema ni maombi yangu. Kimoyomoyo najua umemwiga nani. Jinsi unavyoshika beseni ni yeye. Hata unavyoshika kiuno ukikasirika ni yeye. Na mimi unafanana wapi? Baba yako anasema unatembea kama mimi, lakini unachechemea, sasa sijui anamaanisha nini.

Neno moja nitakupa kwa kazi yako, nalo nimelinunua ghali. Watakuja kwako maskini wenye vyeti vyao, na watakudanganya. Watasema mtoto si wao, watasema mume amekufa na yuko hai, watasema hawana ndugu na ndugu wamekaa nje ya ukuta. Usiwe mwepesi wa kuwaumbua mbele ya watu. Serikali inatoa msaada, Mungu aibariki kwa huo, na kila msaada una mlango wake, na mtu mwenye shida atajikunja namna yoyote apite kwenye huo mlango. Wewe ukiwa unamlisha mtoto asiye na mtu, inua macho kwanza utazame dirishani. Ukimwona mtu pale, usimfukuze. Ukiweza, tafuta sababu umwite ndani, mwambie akushikie bakuli, mwambie mikono yako ina kazi, umpe kijiko alishe yeye. Mama Zuhura alinipa vyote isipokuwa hicho. Si kosa lake, pengine hakuthubutu. Lakini laiti angenipa kijiko hata mara moja, barua hii ingekuwa fupi.

Jua sasa limezama na kuku ameiva. Nitamfunga kwa majani ya mgomba. Nimekuwekea michembe ya viazi vitamu vikavu, na asali ya kwa mjomba wako kwenye ile chupa ya kizibo kigumu, na karanga. Ndiyo, karanga, na safari hii nimezimenya. Barua hii nitampa jirani anayepita Gongoni usiku huu, uisome kabla hujalala.

Kesho alfajiri nitakuja stesheni. Nitasimama karibu na Mama Zuhura, nimeshaamua, na nitamwamkia mimi kwanza kwa kuwa ni mkubwa kwangu. Najua naye atakuwa na kikapu. Yeye hawezi kwenda mahali bila kikapu. Wewe utavipokea vyote viwili kwa mikono miwili, uviweke pamoja, usimwonyeshe yeyote kati yetu ni kipi kizito. Lakini treni ikianza kwenda, Nyamizi, kabla mji haujapotea, ukae dirishani ufungue kikapu changu kwanza. Kuku, michembe, chochote. Nipe hilo moja, hata kama maandazi yananukia. Mimi nitakuwa nimesimama pale chini natazama dirisha lako. Najijua. Ukifungua mdomo na mimi nitafungua, na safari hii mtu akiniuliza mimi ni nani wako, nitamwambia.

Lile swali la dresa usinijibu. Nimeliandika ili litoke kwangu, silitaki lirudi na stempu juu yake. Ulimwonyesha aliyekuwa na maziwa, na ungefanya nini tena, na mguu wako ukapona, na kesho unapanda treni kwa miguu yako miwili. Nikiwa na akili zangu nashukuru. Nikiwa sina, nina wivu, na utanikuta nao ukirudi.

Baba yako anakusalimu sana, anasema sanduku ni zito, umeweka mawe? Wadogo zako wanakusalimu. Mimi nakuombea usiku na mchana.

Ukifika Mwanza niandikie upesi, hata mistari miwili, uniambie umefika na mguu haukuvimba. Uniandikie mimi kwanza. Barua ikifika nitaichukua mwenyewe nimpelekee Mama Zuhura Gongoni, nimsomee, maana yeye hajui kusoma.

Ni mimi mama yako,
Veronika